Masikio Niliyomwazima Mulongo

Ukitaka kumjua Cate wa Kinuthia, nenda kliniki ya akina mama kule Yamumbi siku ya Jumanne asubuhi. Uende mapema, kwa sababu mchana mvua ya Eldoret ikianza kupiga mabati, kazi yake imekwisha. Utamkuta barabarani na sweta yake ya kijani, ameshika kiuno, anawabembeleza vijana wa boda boda wazime pikipiki.

"Dakika kumi tu, wakubwa zangu. Kuna mtoto amelala ndani."

"Sasa Cate, mteja akija nimsukume na miguu?"

"Msukume. Hilo tumbo lako litapungua."

Wanacheka, wanazima. Kisha anavuka kwenda kwa Mburu mwenye mashine ya kusaga mahindi, na Mburu hulalamika kila wiki maneno yaleyale, kwamba watu wanataka unga, na kila wiki anazima. Cate akirudi ndani anatoa saa ya ukutani anaifunga kwa blanketi, maana inagonga. Anafunga dirisha. Anamwambia mama wa mtoto, "Ukitaka kukohoa, kohoa sasa." Halafu anatoa simu.

Ni simu ya kawaida kama ya mtu yeyote. Imeunganishwa na waya mwembamba, na mwisho wa waya kuna kifundo kidogo chenye ncha laini ya mpira, ndogo kuliko punje ya mahindi. Ile ncha inaingia kwenye sikio la mtoto. Simu inatoa sauti kidogo ndani, na sikio lililo zima linajibu kwa sauti yake, ndogo sana hata wewe na mimi hatuwezi kuisikia, lakini simu inaisikia. Sikio likijibu, alama ya kijani inatokea. Lisipojibu, simu inaandika: RUDIA. Mtoto anaweza kuwa na siku moja tu duniani na tayari unajua. Zamani tulikuwa tunangoja mpaka mtoto akose kuongea, halafu tunaanza kutafuta nani alimroga.

Mimi ni Selpha, Mama Wamalwa wa mtaa wa Pioneer. Akina mama wa kanisa letu waliniomba niandike habari za mtu mmoja wa hapa anayefanya kazi yake vizuri, kwa kuwa nilisoma hadi darasa la saba na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anauonyesha darasa zima. Walidhani nitaandika juu ya mchungaji. Nimemchagua Cate. Lakini siwezi kuandika habari zake nikajiacha nje, kwa maana mimi ndiye niliyemharibia jina.

Cate nilimwogesha mimi mwenyewe siku alipozaliwa. Wakati huo baba yake Kinuthia na mama yake Waithira walikuwa wapangaji nyuma ya ploti yetu hapa Pioneer, kabla hawajafungua duka Yamumbi. Kuogesha watoto wachanga ndiyo kazi yangu tangu nilipotoka Kimilili na marehemu mume wangu mwaka wa sabini na nne. Nimeogesha watoto wa Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, mpaka mtoto wa polisi. Nilipoacha kuhesabu walikuwa wamepita mia mbili. Namlaza mtoto juu ya miguu yangu, namvuta mikono, namkanda kichwa, na mwisho nampuliza pumzi sikio hili na hili ili maji yatoke. Watu walikuwa wakiniambia, mtoto aliyepita mikononi mwa Mama Wamalwa utamjua tu. Nilikuwa naipenda sana hiyo sifa. Niiseme wazi, nilikuwa naipenda kuliko chakula.

Cate alikuwa na miaka sita mwaka ule wa fujo za uchaguzi, na familia yao ikalala kwenye hema wiki nyingi na ile baridi yetu. Sikio lake la kushoto likatoa usaha, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia sikio la mtoto wakati watu wanatafuta ndugu zao. Liliponyamaza kutoa usaha lilikuwa limenyamaza kabisa. Shuleni mwalimu alimchapa kwa kiburi, kumbe alikuwa anamwita kutoka upande wa kushoto. Mpaka leo ukiongea naye anageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Alijifunza mwenyewe kukaa kona ya kushoto ya darasa, watu wote wawe upande wa sikio zima, na akapita mtihani.

Baada ya kidato cha nne alienda ile kliniki kufagia. Siku moja wakaja watu wa mradi na simu zao, kufundisha wauguzi kupima masikio ya watoto. Wauguzi walikuwa wawili na wanawake wenye uchungu walikuwa watano. Cate akaegemeza ufagio akasema, "Nionyesheni mimi." Wakamwonyesha. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anawafundisha wengine. Na mimi akija kunisalimia ananiita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, msichana wa Kikuyu huyo, analitamka vizuri kuliko wajukuu wangu waliozaliwa mjini.

Mwezi wa tano, mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, Linah, mke wa mwanangu Wamalwa, alijifungua mapacha hapo kliniki. Wavulana, wanaofanana kama mbegu mbili za boga moja. Kwetu Wabukusu majina ya mapacha hayachaguliwi. Wa kwanza ni Mukhwana, wa pili ni Mulongo. Na mapacha hawatengwi. Ukimpa mmoja uji unampa na mwenzake, hata kama ameshiba. Ukinunua kofia unanunua mbili. Tunaamini yule aliyetengwa hukasirika akarudi alikotoka. Ili tusiwachanganye, nilimfunga Mulongo uzi mwekundu wa sufu mkononi, na Mukhwana nikamfunga mweupe.

Kesho yake Cate aliwapima. Mukhwana, kijani masikio yote mawili. Mulongo, RUDIA kushoto, RUDIA kulia.

"Msiogope," Cate alimwambia Linah. "Wengi wanakataa mara ya kwanza. Ni uchafu wa kuzaliwa bado uko ndani. Mumlete baada ya wiki mbili."

Linah hakuogopa. Mimi ndiye niliogopa, kwa sababu asubuhi hiyo, kabla ya kipimo, nilikuwa nimewaogesha na kuwapuliza masikio kama ninavyopuliza ya watoto wote. Nikajiuliza, je, nilimpuliza Mulongo kwa nguvu?

Wiki mbili zilipoisha Linah alikuwa na homa ya titi, hawezi kuinuka. Nikasema nitakwenda mimi. Cate alikuwa amesema aletwe Mulongo peke yake, lakini mimi nimtenge mtoto? Nikawabeba wote. Wamalwa alitusindikiza mpaka mlangoni akaenda kazini.

Benchi lilikuwa limejaa. Cate alianza na Mulongo. Mulongo alilia, akanyamaza, akapimwa tena. Cate akatazama simu muda mrefu kidogo.

"Imekataa tena, Kukhu. Lakini alikuwa anasumbuka. Kaa naye hapo nje alale, nitampima mara ya mwisho. Ikikataa tena nawaandikia barua mwende hospitali kubwa, huko wana mashine ya kupima vizuri zaidi." Akachungulia dirishani. "Lakini alale haraka. Ona mawingu. Mvua ikianza leo hatupimi mtu."

Nikakaa benchi, mapacha wawili mapajani. Kando yangu alikuwa Kabura, mama mmoja wa Yamumbi ambaye nilimwogeshea wasichana wake wawili. Mdomo wake hauna mlango.

"Mama Wamalwa, vipi? Mashine imekataa mjukuu wako?"

"Inarudia tu."

"Eeh. Na wewe ndiye unapuliza masikio ya Pioneer yote!" Akacheka, akawageukia wengine. "Jamani, afadhali niangalie wangu kama wanasikia. Kila nikiwatuma dukani wanajifanya hawajasikia, kumbe ni pumzi ya Mama Wamalwa!"

Benchi zima lilicheka. Ulikuwa mzaha, na Kabura hakuwa na ubaya. Lakini nilihisi uso wangu unaungua. Nikaona watoto mia mbili, mmoja mmoja, na mama zao wakiulizana. Mukhwana alikuwa amelala fofofo. Mulongo macho wazi, anatazama mabati.

Nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi. Nilijiambia hawa ni wa tumbo moja, walichopewa mmoja amepewa na mwenzake. Kama Mukhwana anasikia, Mulongo anasikia, basi tu hataki kutulia. Nilijiambia kumpeleka mmoja hospitali na kumwacha mwingine ni kumtenga. Yote hayo nilijiambia, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa namtazama Kabura. Alipoinuka kwenda kupima mtoto wake uzani, nilivua ule uzi mwekundu nikamfunga Mukhwana. Mweupe nikamfunga Mulongo. Nikabadilisha na shali zao pia. Mikono yangu ilimaliza upesi. Imezoea watoto.

Cate akaniita. Nikamwacha Mulongo kwa muuguzi nikaingia na Mukhwana.

Kijani. Kijani.

"Kukhu!" Cate alinong'ona, lakini alikuwa anaruka. "Umeona? Nilikuambia! Aki nilikuwa nimeanza kuogopa." Akaandika kwenye kadi ya Mulongo, sikio la kushoto sawa, la kulia sawa, akatia sahihi. Nilitoka na ile kadi nikapita mbele ya Kabura nimeishika juu.

Sasa ngoja niseme ilivyokuwa nyumbani, maana watu huniuliza kama kweli sikujua.

Mukhwana akiwa na miezi minne, kifuniko cha sufuria kikianguka anashtuka. Mulongo hana habari. Nilisema Mulongo ni mtulivu kama babu yake. Miezi sita, Linah akiingia akiimba, Mukhwana anageuka. Mulongo anageuka akimwona Mukhwana amegeuka. Mimi nilikuwa na tabia ya kukanyaga sakafu ya mbao kwa nguvu nikiwa nyuma yake, na Mulongo akageuka kwa kuhisi mbao zikitikisika, nami nikamwambia Linah, "Si unaona anasikia?" Huyo msichana aliniamini. Kadi pia ilikuwa inasema hivyo. Kila alipoingiwa na wasiwasi alikuwa anaitoa kadi kwenye Biblia anaitazama sahihi ya Cate, halafu anairudisha.

Basi nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua kuna nyoka kwenye kuni, anachagua vijiti vya juu tu.

Mwaka mmoja na nusu ulipofika, Mukhwana alikuwa anasema mama, maji, apana, na jina la kila jirani. Mulongo alikuwa anavuta nguo. Wamalwa hakuniuliza. Alimbeba akampeleka hospitali kubwa, wakamlaza usingizi, wakambandika waya kichwani. Alirudi jioni akaketi bila kuvua koti.

"Hasikii," alisema. "Masikio yote. Wanasema inaonekana ni tangu kuzaliwa."

Linah alikwenda kwenye Biblia akatoa kadi. "Na hii je? Hii ni nini? Cate aliandika nini hapa?"

Nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua mboga.

Mradi ulimtuma Daktari Aketch, mama mmoja mrefu anayeongea polepole. Alituita sote ofisini kwa kliniki: Wamalwa, Linah, mimi na Cate. Alifungua kompyuta akatuonyesha picha mbili zenye mistari, kama milima iliyochorwa na mtoto.

"Hii ni sauti iliyorudishwa na sikio la Mukhwana, siku ya pili ya kuzaliwa," alisema. "Na hii imeandikwa Mulongo, wiki mbili baadaye. Tazameni zinavyolingana. Masikio ya watu wawili hayajibu hivi, hata mapacha. Hili ni sikio la mtu mmoja, limepimwa mara mbili." Akamgeukia Cate. "Tumeona haya mahali pengine. Mtoto mmoja anasumbua, mvua inakuja, mpimaji anamchukua yule aliyelala anampima tena. Ni hivyo?"

"Hapana, Daktari." Cate alikuwa amegeuza shingo, sikio zima mbele. "Nilimpima mwenye uzi mwekundu. Mulongo ndiye mwenye uzi mwekundu."

"Uzi si mtoto, Cate."

"Nilimpima mwenye uzi mwekundu," alirudia. Halafu akaniangalia, na uso wake ukafunguka. "Kukhu alikuwepo! Kukhu ndiye alimbeba. Kukhu, waambie ulichoona."

Wote wakanigeukia. Mlango ulikuwa wazi, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Na nikasikia mtu anasema kwa sauti yangu, "Nilimwona akimpima mwenye uzi mwekundu."

Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna hata moja lililomsaidia. Daktari Aketch alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsamehe bibi kizee kwa kumtetea jirani.

Cate aliambiwa arudishe simu mpaka uchunguzi uishe. Aliitoa mfukoni, akaipangusa kioo kwa pindo la sweta, akazungusha waya vizuri, akaiweka mezani. Tulipofika nje alinishika mkono.

"Asante, Kukhu. Angalau wewe umejaribu."

Afadhali angenitemea mate.

Maneno yalifika kila mahali kabla hatujafika nyumbani. Kwamba Cate anaandika kadi za uongo. Kwamba hata yeye mwenyewe hasikii, sasa kiziwi anapimaje watoto wa watu? Huyo aliyeanza kusema hivyo simjui, lakini kufikia Jumapili ilikuwa imeshakuwa wimbo. Kanisani Linah alihama benchi asikae karibu na Waithira. Kinuthia aliniuzia sukari bila kuinua macho, akidhani nina hasira na binti yake, akaniongezea kiberiti juu kwa kuomba radhi. Nilikibeba kile kiberiti nyumbani. Sikukiwasha.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na dhamiri. Nilisukumwa na Linah. Alikuwa anaosha vyombo, Mulongo ameshika sketi yake, akasema bila kugeuka, "Mama, mimi siwezi kumfanya huyo msichana kitu. Lakini nimemwombea. Kila siku nafunga mpaka saa sita, naomba Mungu amlipe aliyemfanyia mtoto wangu hivi. Amlipe sawasawa."

Nikayaona yale maombi yanazunguka ndani ya nyumba yakitafuta mtu wake.

"Linah," nikasema. "Acha kufunga."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ni mimi."

Nilimwambia yote, na Kabura, na benchi, na mawingu. Alinisikiliza akiwa ameshika sahani inayodondosha maji. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulivua uzi wa huyu ukamfunga yule? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Aliweka sahani chini kwa utaratibu, akambeba Mulongo, akaingia chumbani akafunga mlango. Mpaka leo Linah ananiheshimu, ananipikia, ananiita Mama. Lakini alipopata mtoto wa tatu mwaka huu, alimwogesha mwenyewe. Mimi nilikaa sebuleni nikisikiliza maji.

Wamalwa aliporudi na kuambiwa, alisimama mlangoni. Alinitazama kama mtu aliyefika kwa nyumba isiyo yake. "Mama," alisema, "vaa viatu."

Tulienda kwa Daktari Aketch. Aliandika nilichosema, akanisomea, nikatia sahihi kwa ule mwandiko wangu mzuri. Nikamwuliza kile ambacho kilikuwa kimenikaa rohoni tangu mwanzo, kama ni pumzi yangu iliyomharibu mtoto.

"Hapana, Mama. Huenda ni ugonjwa wa manjano aliozaliwa nao, huenda ni jambo lingine. Pumzi haifanyi mtu kiziwi. Hukumfanyia Mulongo chochote siku ile ya kwanza." Alifunga kalamu. "Siku ya kipimo cha pili ndiyo shida. Angefika kwetu akiwa na wiki mbili, angevaa vifaa vya kusikia akiwa na miezi mitatu, minne. Lugha inaingia kichwani wakati huo. Sasa tunaanza akiwa nyuma ya mwenzake."

Miezi kumi na saba. Nilimwogopea mtoto asitengwe na pacha wake, na mimi mwenyewe nikamtenga kwa miezi kumi na saba. Yule Mukhwana ameshajua maneno ya matusi, na ndugu yake amevaa vifaa viwili vya kijivu nyuma ya masikio na anajifunza, kwa jasho, kwamba mlango una sauti. Linah na Wamalwa wanaenda Jumamosi kufunza mikono yao kuongea. Mimi naenda pia, nakaa nyuma. Vidole vyangu vimekakamaa, lakini sijakosa hata siku moja.

Cate alipewa barua ya kurudishwa kazini, yenye muhuri. Nilikwenda dukani kwao kumwona. Alikuwa anakata kipande cha sabuni kwa mteja. Alingoja mteja aondoke.

"Ungenichukia ningeelewa," alisema. "Watu wanachukiana. Lakini hukunichukia. Uliniangalia machoni pale ofisini, na ulikuwa unanipenda, na ukaniacha."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli! Nilikushukuru, Mama Wamalwa. Nilikushika mkono nikakushukuru."

Mama Wamalwa. Sikuwahi kujua jina langu linaweza kuwa baridi hivyo.

"Nimeona umepewa barua," nikasema.

"Barua ninayo. Jumanne iliyopita walikuja watoto wawili, na mmoja mama yake alikuwa mgeni, hajasikia habari zangu. Akina mama wanapita mlango wangu wanaenda kwa chanjo halafu nyumbani. Nani atawasomea barua? Niibandike kifuani?" Alifuta kisu. "Wiki hii tu wamezaliwa saba hapo. Saba, na nimepima wawili. Huyo Mulongo mwingine yuko kwa nyumba gani sasa hivi, wewe unajua?"

"Nifanye nini, Cate?"

"Sijui. Mimi si mchungaji."

Jumanne iliyofuata nilivaa kitambaa changu cha kanisa nikaenda kliniki. Benchi lilikuwa limejaa, na Kabura alikuwepo na mtoto wake mchanga. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na nilipoinuka yote yakapotea.

"Akina mama," nikasema, "mnanijua. Nimewaogesheeni watoto. Mnasema Cate aliandika kadi ya uongo ya mjukuu wangu. Cate aliandika alichoona. Uongo nilimpelekea mimi, nimeubeba mikononi, umefungwa shali. Nilibadilisha watoto."

Kabura alimhamisha mtoto wake begani. 

"Mama Wamalwa," Kabura alisema. "Wewe?"

"Mimi."

"Lakini kwa nini? Mtu mzima kama wewe!"

Ningeweza kumwambia ni kwa ajili ya mzaha wake. Alikuwa amekaa palepale, kwenye pembe ileile ya benchi, na alikuwa ameshasahau. "Nilitaka mseme mikono yangu haikosei," nikasema. "Mjukuu wangu ndiye anaibeba hiyo sifa, nyuma ya masikio."

Mwingine alisema, "Mungu wangu." Mwingine akasonya, na nilistahili. Nilibaki nimesimama kwa kuwa sikujua kama naruhusiwa kukaa. Halafu msichana mmoja aliyeitwa Bridgit, mtoto wake ana siku kumi, aliinuka akaingia chumbani kwa Cate. Cate akatoka barabarani, na pikipiki zikazimwa moja baada ya nyingine. Mashine ya Mburu ikanyamaza.

Bridgit alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. "La kulia limekubali," aliniambia, sijui kwa nini aliniambia mimi. "La kushoto limekataa. Anasema nirudi wiki ijayo." Alikuwa tayari anamfunga mtoto mgongoni, haraka haraka, macho yakitafuta mlango. Niliijua ile haraka. "Kwetu wakisikia hivi watasema nini? Afadhali nimwache tu akue. Wewe unaonaje? Ungekuwa mimi ungerudi?"

"Mimi nilikuwa wewe," nikamwambia. "Nilienda nyumbani na kadi nzuri. Rudi, binti yangu. Ukiogopa kuja peke yako nitakuja kukuchukua nyumbani kwenu."

 Aliacha kufunga leso, akarudi mlangoni kwa Cate, akauliza ni saa ngapi hasa.

Akina mama waliingia mmoja mmoja. Kabura naye aliingia na mtoto wake, akipita mbali nami. Nilikaa mpaka benchi likaisha. Cate alitoka kufunga mlango, akanikuta. Alisimama upande wangu wa kushoto, ambapo ananisikia vizuri, lakini hakunitazama. Alikuwa anasoma daftari lake.

"Jumanne ijayo wako kumi na wawili," alisema. "Wengine wanatoka mbali, hawajui lolote kukuhusu. Itabidi uwaambie tena, tangu mwanzo. Uje mapema."